Swali la Mwanafunzi na Jibu la Mgeni

Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na watu wa mitaa yote siku ya Sikukuu ya Jubilei



Wasimamizi wa sikukuu hii walituomba tuseme maneno ya kuwatia watu moyo, hasa juu ya mambo mawili: kustahimili wakati wa taabu, na hamu ya kuchunguza maumbile ya ulimwengu. Tulipoyafikiri maneno hayo tuliona haya kidogo, maana wasemaji wa kutia moyo ni wengi, na kila mwaka shule zetu huwaalika. Mgeni huja, husema, hupigiwa makofi, hula chakula, kisha huenda zake. Wazee walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni neno zuri. Walakini yatupasa kuuliza: mgeni akiisha kwenda, je, mwenyeji amepona kweli? Au alipona kwa saa moja tu, na kesho yake ugonjwa ukamrudia?

Basi leo hatutawapa maneno matamu ya kwetu wenyewe. Tutawahadithia habari mbili za kweli, na katika kila moja yumo mtu aliyesimama kusema, na kijana aliyeketi kusikiliza. Habari ya kwanza ni ya nchi ya mbali, nayo ni fupi. Ya pili ni ya hapa Tanzania, nayo tutakaa nayo zaidi, kwa kuwa inatuhusu sisi waalimu, tena inatuchoma.

Mwaka 1791, karibu na mji wa London katika Uingereza, alizaliwa mtoto aitwaye Michael Faraday, mwana wa mhunzi. Watu wa nyumba yao walikuwa maskini, naye hakupata kusoma shuleni ila kidogo. Alipokuwa mvulana alitiwa kazini kwa mtu afungaye vitabu, ajifunze kazi ile. Mchana alivishona vitabu vya watu wengine na kuvitia gundi. Akipata nafasi alivifungua akavisoma. Mwaka 1812 mtu mmoja aliyezoea kuja dukani alimpa tikiti za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, bingwa wa kemia, katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution. Faraday alisikiliza hotuba nne. Watu wengi walizisikia pamoja naye, wakarudi makwao. Lakini yeye aliandika aliyoyasikia, akayanakili tena kwa unadhifu pamoja na picha za vyombo, kisha akayafunga yote yakawa kitabu, kwa mikono yake mwenyewe, maana ndiyo kazi aliyoijua.

Ndipo akaanza kutafuta mlango. Alimwandikia rais wa chama kikuu cha wataalamu, Royal Society, akiomba kazi yo yote katika elimu, hata iwe ya chini, hakupata jibu. Hakuudhika akaacha. Akampelekea Davy kile kitabu. Davy alimpokea kwa wema, ila alimshauri asiiache kwanza kazi yake ya vitabu. Kijana akangoja. Mwaka 1813 nafasi ilitokea, Davy akamwita awe msaidizi wake. Na mwaka 1831 Faraday huyo huyo aligundua ya kuwa sumaku ikisogezwa karibu na waya ulioviringwa, umeme hupita ndani ya waya. Mitambo igeuzwayo na maporomoko ya maji, ili mitaa yetu ipate taa usiku, hata leo yaifuata kanuni hiyo.

Tena Faraday hakusahau kiti alichokikalia. Tangu mwaka 1825 nyumba ile ya elimu imekuwa na desturi ya kufanya hotuba kwa ajili ya vijana wakati wa Noeli, na Faraday alizitoa mara 19. Mojawapo alizungumza juu ya mshumaa, kitu ambacho kila mtoto alikijua, akawaonyesha jinsi unavyowaka, moshi wake ni nini, na maji yatokayo katika moto wake yatoka wapi.

Habari hii ni nzuri, nasi tumezoea kuwasimulia vijana mambo ya namna hii. Lakini ina hatari yake. Tukiisha kuisema, twaweza kuwageukia vijana na kuwaambia: Haya, nanyi fanyeni kama yeye, kisha sisi wakubwa tukaenda zetu kwa raha, kana kwamba kazi yote ni ya kijana peke yake. Kwa sababu hiyo twaileta habari ya pili.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, milimani mwa Usambara karibu na Lushoto, alikuwako mwanafunzi wa kidato cha tatu, jina lake Erasto Mpemba. Wavulana wa shule ile walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa kina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu yagande. Wavulana walikuwa wengi na nafasi chache, hivyo ikawa ni mashindano ya mbio. Siku moja Mpemba alikuwa anachemsha maziwa yake. Mwenzake alipomwona, alichanganya yake na sukari upesi pasipo kuyachemsha, akakimbilia jokofu. Mpemba akaona ya kuwa akingoja maziwa yapoe ataikosa trei ya mwisho. Akajipa moyo, akayatia yakiwa ya moto, ingawa aliogopa kuharibu jokofu.

Baada ya saa moja na nusu wote wawili walikwenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, yamekuwa aiskrimu. Ya mwenzake yalikuwa mazito tu, hayajaganda.

Mtoto mwingine angalikula aiskrimu yake akanyamaza. Mpemba alikwenda kwa mwalimu wake wa fizikia, akamwuliza sababu. Mwalimu alimjibu ya kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Kijana akalikubali jibu lile, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu.

Hata wakati wa likizo alifika mjini Tanga kwa rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu na kuiuza. Rafiki huyo alimwambia ya kuwa yeye huyatia maziwa yangali ya moto, maana hivyo huganda upesi zaidi. Na wauzaji wengine wa mji ule walifanya vivyo hivyo. Hawakuwa wataalamu. Walikuwa watu watafutao riziki, na jua la pwani haliwangoji. Basi Mpemba akajua ya kuwa macho yake hayakumdanganya.

Akafaulu mtihani, akachaguliwa kwenda shule ya Mkwawa, Iringa. Huko darasa lake lilifundishwa kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu. Mpemba akasimama akauliza tena swali lake. Mwalimu alimjibu kama wa kwanza, ya kuwa amechanganyikiwa. Kijana aliposhikilia neno lake, mwalimu akasema ya kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu wote. Darasa likacheka. Na tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, aliambiwa: Hiyo ndiyo hesabu ya Mpemba.

Waalimu wenzetu, tusimame hapa kidogo. Hatuwataji waalimu wale kwa majina, wala hatukuja kuwahukumu. Walifundisha yaliyoandikwa kitabuni, na aliyeambiwa kwa mara ya kwanza ya kuwa maji ya moto huganda mbele ya maji ya baridi, akili yake hukataa. Sisi nasi tungalikataa. Kosa halikuwa kutojua. Kosa lilikuwa hili: jokofu lilikuwapo, maji yalikuwapo, na mwalimu hakumwambia mtoto, Twende tukatazame.

Ni nani kati yetu asiye na deni hili? Twakumbuka mikono iliyoinuliwa nasi tukaishusha kwa neno moja la mzaha, kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia, au kwa kuwa jibu hatukuwa nalo na tuliogopa kulikosa mbele ya watoto. Mzaha huo huonekana mdogo. Sisi tuliusahau siku ile ile. Yamkini mtoto hakuusahau, wala hakuinua mkono tena mpaka alipotoka shuleni. Mtoto wa namna hiyo hatumwoni katika hesabu ya walioshindwa mtihani. Alifaulu pengine, lakini alijifunza ya kuwa salama ya mtu ni kunyamaza.

Mpemba hakunyamaza, wala hakumtukana mwalimu. Siku moja alikuta maabara ya biolojia i wazi. Akatwaa bilauri mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba, ya pili maji ya moto, akaziweka katika jokofu. Baada ya saa moja akaenda kutazama. Hazikuwa zimeganda zote, lakini barafu ilikuwa nyingi zaidi katika ile iliyotiwa maji ya moto. Akakusudia kujaribu tena kwa uangalifu zaidi.

Vijana, liangalieni jambo hili. Twasikia mara nyingi ya kuwa kustahimili ni kukaza meno na kuvumilia maneno ya watu. Ni kweli, walakini hilo ni nusu tu. Mtu aweza kuvumilia mzaha miaka kumi naye asijue neno lo lote zaidi ya alilolijua siku ya kwanza. Uvumilivu wa Mpemba ulikuwa na kazi ya mikono ndani yake. Walipomcheka, alirudi kwenye maji.

Sasa mgeni anakuja. Mkuu wa shule ya Mkwawa alimwalika Dkt. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, aje aseme na wanafunzi juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Alikuwa msemaji wa kutia moyo kama wale tuwaalikao sisi. Hotuba yake ilikuwa ya muda mfupi, lakini maswali yalichukua muda mrefu kuliko hotuba. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vilivyo sawa, ukavitia maji kadiri moja, kimoja cha digrii 35 na kimoja cha digrii 100, ukaviweka katika jokofu, kile cha digrii 100 huganda kwanza, kwa nini?

Wenzake wakacheka. Wengine walimwambia baadaye ya kuwa amewaaibisha mbele ya mgeni.

Mgeni alimtaka alirudie swali. Akamwuliza kama ni kweli, kama amelijaribu yeye mwenyewe. Kijana akajibu, Ndiyo. Ndipo Dkt. Osborne akasema ya kuwa yeye hajui sababu, lakini atakaporudi Dar es Salaam atalijaribu jambo hilo. Na baadaye aliandika kwa unyofu ya kuwa moyoni alidhani kijana amekosea. Ila alikumbuka ya kuwa haifai swali lo lote kufanyiwa dhihaka, maana mambo ya kila siku mara nyingi si mepesi kama yadhaniwavyo.

Aliahidi, akaitimiza ahadi. Alimwagiza kijana fundi wa maabara alijaribu jambo lile. Fundi akaleta habari ya kuwa maji ya moto yametangulia kuganda kweli. Kisha akaongeza kwa bidii ya kupendeza ya kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sawa! Twacheka tukisikia, lakini tujitazame nasi: mara ngapi tumeyaona mambo kwa macho yetu, tukaendelea kungoja mpaka yafanane na tuliyokwisha kuyaamini?

Majaribio yakarudiwa, na jibu likawa lile lile. Wakaweka vyombo juu ya kitu kisichopitisha joto, wapate kujua kama baridi ya chini ndiyo sababu. Wakatia mafuta kidogo juu ya maji kuzuia mvuke, wapate kujua kama mvuke ndio sababu. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakatoa makala katika gazeti la waalimu wa fizikia la Uingereza, majina yao mawili pamoja, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Wakati huo Mpemba alikuwa anasoma katika chuo cha kuhifadhi wanyama pori kule Mweka, karibu na Moshi, na baadaye kazi yake ikawa ya wanyama pori. Lakini jambo lile wataalamu wa dunia waliliita kwa jina lake. Jina lililotajwa darasani kwa kumdhihaki likawa ndilo jina la jambo hilo vitabuni.

Ingekuwa vizuri tukomee hapo, kila mtu aende akiamini ya kuwa kijana alishinda na waalimu walishindwa. Lakini ukweli una mambo zaidi. Baada ya makala ile watu walikumbuka ya kuwa Aristotle wa Wayunani alikwisha kulitaja jambo hili zamani sana, na Francis Bacon na Descartes pia, katika karne ya 17. Lilikuwa limeandikwa, likasahauliwa. Tena mpaka leo wataalamu hawajapatana juu ya sababu. Wengine husema maji ya moto hutoa mvuke mwingi, yakapungua. Wengine husema hewa iliyomo ndani ya maji hutoka yakichemshwa. Wengine hutaja jinsi maji yanavyozunguka ndani ya chombo, au utando wa barafu chini ya chombo uyeyukao kwa moto wake, au tabia ya maji kupoa chini ya kipimo cha kuganda pasipo kuganda. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo yaliyo bora, na majibu yaliyofika yalizidi 22,000. Hata hivyo mwaka 2016 wataalamu wengine waliopima tena kwa uangalifu waliandika ya kuwa hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo lenyewe. Wengine nao, mwaka 2020, waliona jambo lifananalo nalo, si katika barafu, bali katika chembe ndogo sana zilizotiwa majini.

Je, habari hizi zinampunguzia Mpemba heshima? Sisi twaona zinamwongezea. Hakuwaomba watu wamwamini. Aliwaomba watazame. Nao wangali wakitazama, zaidi ya miaka 60 baada ya trei ile ya maziwa. Swali jema halimalizwi na mtu mmoja.

Basi turudi kwa mgeni wetu. Ni kitu gani alichokifanya hata mwenyeji akapona? Maneno aliyoyasema katika hotuba yake hayakumbukwi na watu wengi. Kinachokumbukwa ni neno alilolisema baada ya hotuba: sijui, lakini nitajaribu. Faraday alisaidiwa na msemaji aliyekipokea kitabu chake. Mpemba alisaidiwa na msemaji aliyelipokea swali lake. Wote wawili walistahimili, lakini hapana hata mmoja aliyefika peke yake.

Kwa hiyo, ninyi mnaoalika wageni, msiwachagulie wasemaji saa mbili za kusema na dakika tano za kuulizwa. Nasi tunaoalikwa, tusiogope kusema hatujui. Ila tukiisha kusema, tusikomee hapo, twende tukatafute, na jibu tulirudishe kwa aliyeuliza.

Waalimu wapenzi, Kuuliza si ujinga, twawafundisha watoto mithali hiyo, na wao huiandika kwa mwandiko mzuri. Na tuiheshimu wanapoitenda. Mtoto akileta neno tusiloliamini, tumwulize kama mgeni yule: Je, umejaribu wewe mwenyewe? Akisema ndiyo, twende naye. Akisema hapana, tumpe chombo na maji.

Nanyi vijana, mkicheka swali la mwenzenu, mwajifungia mlango ninyi wenyewe. Na wewe uliyechekwa, usigombane. Andika uliyoyaona, rudia, pima tena, ungoje. Kisha uulize mara ya tatu.

Tuna ombi moja kwa ajili ya sikukuu hii. Mitaa mingi italeta zawadi za ukumbusho. Twaomba kila shule ipewe daftari moja lenye jalada gumu, liwekwe juu ya meza mahali pa wazi, na juu yake paandikwe: Maswali ambayo hatujayajibu. Mtoto aandike swali na jina lake. Mwalimu aandike siku waliyojaribu na waliyoyaona. Daftari halina gharama kubwa. Jubilei ijayo, watakaokuwapo walifungue walisome mbele ya watu.

Sisi tumemaliza, nasi tumejitahidi tusizidishe, ili ibaki nafasi. Sasa na aulize anayetaka. Tusilolijua tutasema hatulijui, na tutaliandika.